Aina za VVU na jinsi zinavyoenea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa wanaopima, wanaopimwa, wanaotumia dawa na wanaoishi na wanaotumia dawa. Kwenye karatasi za kituo utakuta imeandikwa VIH. Hapa tunaandika VVU. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni mstari mmoja.

VVU ina aina ngapi?

Aina kubwa ni mbili, VVU-1 na VVU-2. VVU-1 ina makundi manne: M, N, O na P. Kundi M ndilo lililogawanyika kuwa matawi yanayoitwa kwa herufi: A, B, C, D, F, G, H, J, K na L. Tawi L lilitambuliwa rasmi 2019 baada ya kukamilishwa kwa uchunguzi wa sampuli ya tatu, na sampuli zote tatu zilichukuliwa hapa Kongo, miaka ya 1983, 1990 na 2001. Juu ya matawi hayo kuna michanganyiko: mtu mmoja akiwa na matawi mawili, virusi hukopiana vipande vya jeni na kutoa kizazi chenye asili ya pande zote mbili. Michanganyiko iliyosajiliwa imepita 100.

Makundi haya si baba na watoto wake. Kila moja liliingia kwa binadamu kivyake kutoka kwa mnyama. M na N yalitoka kwa sokwe mtu wa kusini mwa Kamerun. O na P yanahusiana na virusi vya sokwe wakubwa, yaani masokwe wa aina ya gorila. VVU-2 ilitoka kwa nyani mdogo wa kijivu wa Afrika Magharibi anayeitwa mangabe. Njia inayokubalika zaidi ni damu ya mnyama kumwingia mwindaji au mchinjaji kupitia jeraha.

Je, zote zimeenea sawasawa?

Hata kidogo. Kundi M linabeba karibu maambukizi yote duniani. Kundi O liko hasa Kamerun na majirani zake kama Gabon na Ginekweta, na hata Kamerun kwenyewe ni kama asilimia 1 tu ya maambukizi. Kundi N, lililotangazwa 1998, limeonekana kwa watu wasiofika 20. Kundi P liligunduliwa 2009 kwa mama mmoja wa Kamerun aliyekuwa Ufaransa, na baada yake akapatikana mtu mmoja mwingine. VVU-2 imewafikia watu kati ya milioni 1 na 2, wengi wao Afrika Magharibi.

Kwa nini M lilizunguka dunia na O likabaki nyumbani?

Hili ndilo swali lenye utamu, na jibu linalotolewa haraka («M ni kali zaidi») halitoshi.

Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha jeni za virusi vya makundi hayo mawili. Jeni za VVU hubadilika kwa mwendo unaokadirika, kwa hiyo tofauti zake zinaweza kuhesabiwa kurudi nyuma hadi babu mmoja. Kwa kundi M babu huyo aliwekwa Kinshasa, karibu 1920. Hesabu hiyo inasaidiwa na sampuli mbili za zamani za Kinshasa, damu ya 1959 na kipande cha tezi cha 1960: ingawa zimepishana mwaka mmoja, jeni zake zilikuwa zimeachana sana, ishara kwamba virusi vilikuwa vimezunguka kwa miongo kadhaa.

Sasa sikiliza sehemu inayosahaulika. Hadi karibu 1960, M na O yalikuwa yakikua kwa mwendo unaofanana. Baada ya hapo mwendo wa M uliongezeka karibu mara tatu, na O likaendelea na mwendo wake uleule.

Kibiolojia tofauti ipo. Mwili wetu una protini inayozishika chembe mpya za virusi zisiachane na seli zilipozaliwa. Kundi M lina protini yake, Vpu, inayoiondoa ile ya mwili vizuri. Vpu ya kundi O haiiwezi. Chembe zikishikwa, virusi hutoka kidogo, na virusi vikitoka kidogo maambukizi hupungua.

Lakini tofauti hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, na kwa miaka 40 M halikumpita mwenzake. Kilichobadilika ni mazingira: miji iliyovimba wakati wa uhuru, biashara ya ngono iliyochukua sura nyingine ambapo mwanamke mmoja alipata wateja wengi zaidi, na kliniki zilizochoma sindano watu wengi kwa vifaa visivyochemshwa vizuri. M lilikuwa Kinshasa, mahali ambapo kila njia ya nchi ilikutana. O lilikuwa pembeni. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila sababu, hasa sindano, ila kwa maoni yetu anayesimulia habari hii kwa biolojia peke yake ameruka nusu ya hesabu.

Treni iliingiaje? Na virusi vilifika lini Lubumbashi?

Mara nyingi utasikia kwamba VVU «ilipanda treni Kinshasa ikashukia Lubumbashi». Hakuna treni ya moja kwa moja. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, upande wa Rodezia. Ikasukumwa kaskazini hadi Bukama 1918, kisha kampuni ya BCK ikaikamilisha hadi Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928. Kutoka Ilebo abiria alipanda meli kwenye mto Kasai hadi Kinshasa. Hiyo ndiyo njia: meli, halafu treni. Hata Mbuji-Mayi, inayotajwa katika kila simulizi la reli na VVU, haiko kwenye njia kuu. Ukishuka ni Mwene-Ditu, unaendelea kwa barabara.

Kufikia 1948 watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka walikuwa wakipita Kinshasa kwa reli. Hesabu za jeni zinaweka kuwasili kwa kundi M Lubumbashi na Mbuji-Mayi mwishoni mwa miaka ya 1930. Usiishike tarehe hiyo kama cheti cha kuzaliwa: makadirio haya yana upana wa miaka kumi na zaidi kila upande. Kinachosimama imara ni mpangilio. Miji ya mbali iliyounganishwa na reli ilifikiwa mapema kuliko miji ya kaskazini kama Kisangani iliyotegemea mto.

Kutoka hapa kwenda kusini njia ilikuwa tayari: Sakania, Ndola, migodi ya shaba ya upande wa pili. Tawi C, ambalo lina nafasi kubwa kusini mwa nchi yetu kuliko Kinshasa, ndilo lililotawala Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Kwa hiyo tawi C ni kali kuliko mengine?

Ni la wengi zaidi: karibu nusu ya maambukizi yote ya VVU duniani. Wingi si ukali. C liliingia kusini mwa Afrika palipokuwa na wanaume wa migodini walioishi mbali na wake zao, magonjwa mengi ya zinaa yenye vidonda, na maeneo makubwa ambayo wanaume hawatahiriwi. Tawi lolote lingekuta uwanja huo lingestawi. Vilevile tawi B lilitawala Marekani na Ulaya kwa sababu ndilo lililofika Haiti karibu 1966, kutoka kwetu, na likavuka hadi Marekani miaka michache baadaye. Lililotangulia likachukua nafasi.

Kuna mambo ya kibiolojia yanayotajwa, kwa mfano C lina sehemu tatu za kuwashia jeni zake pale ambapo matawi mengi yana mbili. Hilo halijathibitisha kwamba tendo moja la ngono na mwenye C lina hatari kubwa kuliko na mwenye A.

Kuna mahali ambapo matawi yalilinganishwa vizuri, mji mmoja, watu walewale?

Ndiyo, Rakai nchini Uganda, ambako A na D yanaishi pamoja. Hilo ndilo linalofaa kulinganisha, maana hali ya watu ni ileile na kinachotofautiana ni kirusi. Kwa wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, tawi A lilipita kwa kasi karibu mara mbili ya D. Wakati huohuo D lilimshusha mgonjwa kwenye ukimwi haraka kuliko A. Anayeugua mapema hupoteza nguvu na nafasi ya kuambukiza, na D limekuwa likipungua eneo hilo.

Mfano wa kinyume ulitoka Uholanzi 2022: kizazi cha tawi B kilichopewa jina VB, kilichopatikana kwa watu 109, chenye wingi wa virusi mara 3.5 hadi 5.5 zaidi ya kawaida na kushuka kwa CD4 (seli za kinga ya mwili) kwa kasi mara mbili. Dawa zilezile zilikidhibiti. Kwa hiyo wanaosema kirusi hupoa kadiri miaka inavyokwenda wasiwe na uhakika sana.

Nipeni namba: tendo moja lina hatari kiasi gani?

Kwa kila matendo 10,000 na mtu mwenye VVU-1 asiyetumia dawa, bila kondomu, wastani unaotumika sana ni huu: mwanamke kwa njia ya uke 8; mwanaume kwa njia ya uke 4; anayepokea kwa njia ya nyuma 138; anayeingiza kwa njia ya nyuma 11. Kuchangia sindano ya madawa ni 63. Kuongezewa damu yenye virusi ni kama 9,250, yaani karibu hakika.

Wastani huo unadanganya kwa upande wa chini. Makadirio kutoka nchi maskini yalifika 30 hadi 38 kwa 10,000 kwa njia ya uke. Wastani unafunika mambo manne yanayobadilisha kila kitu. La kwanza ni wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa, wakati virusi ni vingi sana na kipimo bado kinasema hana. La pili ni kidonda cha zinaa, kaswende au malengelenge ya sehemu za siri: ngozi iliyochanika ni mlango, na chini yake zimekusanyika seli zilezile ambazo VVU inazitafuta. La tatu ni tohara, ambayo hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. La nne ndilo kubwa kuliko yote, wingi wa virusi katika damu. Rakai, kila wingi ulipoongezeka mara kumi, maambukizi yaliongezeka karibu mara 2.5, na chini ya nakala 1,500 kwa mililita moja hakuna mwenzi aliyeambukizwa.

Ukilielewa hili la nne utaelewa pia VVU-2.

VVU-2 ni kweli haiambukizi?

Inaambukiza, ila polepole. Kwa ngono ni kati ya mara 5 na 9 chini ya VVU-1. Kutoka kwa mama hadi mtoto bila dawa yoyote ni chini ya asilimia 5, wakati VVU-1 bila dawa na mtoto akinyonya ni asilimia 15 hadi 45. Sababu iko damuni: mtu mwenye VVU-2 huwa na virusi vichache mara kumi au thelathini, na kwa wengi wao havionekani kabisa kwa miaka.

Hata Gine-Bisau, ambako wakati mmoja VVU-2 ilikuwa juu kuliko popote, imeendelea kupungua. Inadhaniwa vita ya uhuru ya 1963 hadi 1974 iliisukuma, kwa sindano, damu na ngono, na vita ilipoisha haikupata tena nguvu ya kujitegemea. Wanajeshi na wahamiaji waliipeleka Ureno, na ndiyo maana inaonekana pia Angola na Msumbiji, makoloni mengine ya Ureno wakati huo.

Usisome hapa kwamba haiui. Polisi wa Gine-Bisau walifuatiliwa kwa miaka mingi: wasiotumia dawa wenye VVU-1 walifika kwenye ukimwi kwa wastani wa miaka 6, wenye VVU-2 kwa miaka 14.

Hapa Lubumbashi nani anapaswa kufikiria VVU-2?

Aliyeishi au aliyeongezewa damu Afrika Magharibi, Angola, Msumbiji au Ureno, na mwenzi wa mtu kama huyo. Reli ya Benguela inaingia kwetu Dilolo, na wafanyabiashara wanakwenda na kurudi Luanda. Ni nadra, lakini mtoa huduma asipouliza swali moja tu, «umewahi kukaa wapi?», hataijua.

Kipimo cha kidole kinaona aina zote?

Bandeleti (vipande vya kipimo cha haraka) nyingi za kituo, ikiwemo Determine HIV-1/2 ambayo wengi wanaijua, huona kingamwili za VVU-1 na VVU-2, ila mstari ni mmoja: haikwambii ni ipi. Kundi O lilikwepa baadhi ya vipimo vya zamani vya miaka ya 1990. Baadaye watengenezaji waliongeza vipande vyake.

Kinachokosewa zaidi si aina ya kirusi, ni mkono wa anayepima. Kwa Determine ya damu ya kidole: damu mikrolita 50, yaani bomba dogo lijae hadi alama, iwekwe kwenye pedi, subiri dakika 1, weka tone 1 la maji ya kipimo, soma baada ya dakika 15 na usipite dakika 60. Damu ikiwa pungufu, mstari hafifu unaweza kukosekana. Ukisoma dakika ya 5 kwa sababu foleni ni ndefu, utamwambia mtu hana kumbe anayo. Ukisoma baada ya saa mbili, mkauko unaweza kuchora kivuli kinachofanana na mstari. Mstari wa uthibitisho usipotokea, tupa, anza upya na bandeleti nyingine, hata kama mstari wa mgonjwa umeonekana. Halijoto ya kuhifadhia ni 2 hadi 30. Kabati la bati linalopigwa na jua la Oktoba linapita hapo, na mfuko uliofunguliwa unanyonya unyevu.

Jibu la «ana virusi» lisitolewe kwa bandeleti moja. Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vyote vikubali. Na aliyepata hatari karibuni arudi: kwa vipimo vya kingamwili, hana uhakika hadi zipite siku 90.

Tawi langu linabadilisha dawa?

Kwa matawi ya kundi M, hapana. TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50 (miligramu), kinafanya kazi kwa A, C, D na michanganyiko yake.

Aina ya kirusi inaleta tofauti mahali pawili, na hapo usipuuze. VVU-2 haisikii kabisa kundi la dawa la nevirapine na efavirenz. Kundi O nalo mara nyingi lina ukinzani wa asili kwa dawa hizohizo. Mgonjwa wa VVU-2 aliyepewa mchanganyiko wa zamani wenye nevirapine alikuwa akitumia dawa mbili tu badala ya tatu, na ukinzani ulijengeka. Dolutegravir inazidhibiti zote mbili, hivyo kuhamia TLD kumeziba sehemu kubwa ya shimo hilo.

Mambo ya kawaida yanayoharibu TLD hayana uhusiano na tawi. Vidonge vya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia hufunga dolutegravir tumboni: meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa ni pamoja na chakula. Dawa ya kiungulia, hapana. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huongezewa dolutegravir 50 nyingine, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Huyu akipewa TLD peke yake, dawa damuni hushuka.

Kipimo cha wingi wa virusi kinasema «havionekani». Naweza kuambukiza?

Kwa VVU-1, kwa njia ya ngono, hapana. Mwaka 2011 uchunguzi wa HPTN 052 ulionyesha dawa za mapema hupunguza maambukizi kwa asilimia 96. Ule wa PARTNER ulihesabu matendo kama 58,000 bila kondomu na haukupata hata maambukizi moja kutoka kwa mwenzi aliyedhibitiwa. Chini ya nakala 1,000 hatari inahesabiwa kuwa karibu sifuri. Isipoonekana kabisa, sifuri.

Kipimo hufanywa baada ya miezi 6 ya dawa, miezi 12, kisha kila mwaka. Kikizidi 1,000, ni ushauri wa umezaji kwanza na kurudia baada ya miezi 3, ndipo dawa ziulizwe.

Tahadhari moja: mashine za kawaida hupima VVU-1. Mwenye VVU-2 atatolewa karatasi inayosema «havionekani» ilhali virusi vipo, kwa sababu mashine haikuvitafuta. Ukiona CD4 zinashuka na karatasi inaendelea kusema havionekani, fikiria VVU-2 kabla hujamshtaki mgonjwa kwamba hamezi.

Sampuli nayo ina hila zake. Damu ya bomba la kizibo cha zambarau inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24. Kituo cha mbali hutumia karatasi ya damu kavu: matone 5 yajae duara, ikauke mahali pa kivuli angalau saa 4 (usiku mzima ni bora wakati wa mvua), ndipo ifungwe na vifuko vya kunyonya unyevu. Karatasi iliyofungwa mbichi inaota ukungu, na maabara itairudisha.

Mbona nchi virusi vilikoanzia ina maambukizi machache kuliko Zambia?

Uchunguzi wa kaya wa 2013–2014 ulikuta asilimia 1.2 ya watu wazima wa Kongo wana VVU. Zambia iko karibu asilimia 11. Tawi C liko pande zote mbili za mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo tofauti haiwezi kuwa ya kirusi. Hapa karibu wanaume wote wametahiriwa. Zambia, nje ya mikoa michache, haikuwa desturi. Barabara na reli zetu zilikufa, watu wakazunguka kidogo kuliko wa ng'ambo. Kinshasa, ambako mradi wa Projet SIDA ulipima kuanzia 1984, kiwango kilikaa asilimia chache tu bila kupaa. Ni faida chungu, iliyotokana na nchi kukwama.

Namba ya nchi nzima haimsaidii shofere aliyelala siku tatu kwenye foleni ya malori Kasumbalesa. Mahali hapo hesabu ni ya mpakani.

Baba au mama wa safari afanye nini basi?

Kondomu (kapoti), dawa ya kinga ya kila siku, na kutibu vidonda vya zinaa mara moja. Dawa ya kinga inafanya kazi kwa matawi yote. Mwanamke amalize siku 7 za kumeza kabla ya kuitegemea. Kondomu ikipasuka, au mtu akibakwa, dawa ya dharura ianze ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ni bora zaidi, imezwe siku 28. Usisubiri Jumatatu. Usisubiri kujua mwenzako ana nini.

Mimi na mume wangu wote tuna virusi. Bado tujilinde?

Inawezekana kuambukizwa tena na tawi jingine, na ndiyo njia michanganyiko inavyozaliwa. Ninyi wawili mkiwa mnameza vizuri na virusi havionekani, hofu hiyo inaisha. Mmoja akiwa na ukinzani au akiwa ameacha dawa, tumieni kondomu mpaka vipimo vishuke.

Nina mimba. Aina ya VVU inabadilisha nini kwa mtoto?

Ukiwa na VVU-1: TLD tangu siku ya kwanza, mtoto apewe nevirapine ya maji wiki 6 (au dawa mbili kwa wiki 12 kama hatari ni kubwa, mfano mama aliyeanza dawa mwishoni mwa mimba), kipimo cha damu kavu akifika wiki 4 hadi 6, kotrimoksazole kuanzia wiki 6, na maziwa ya mama peke yake miezi 6. Ukimeza na ukidhibitiwa, hatari hushuka chini ya asilimia 5.

Ukiwa na VVU-2, nevirapine haimsaidii mtoto na kipimo cha wiki 6 cha VVU-1 hakitaiona. Mwambie enferme (muuguzi) mapema ili waulize lopitali kubwa kabla ya kuzaa.

Mbu? Kula pamoja? Choo?

Hapana, kwa aina zote.

Kwa nini chanjo haipo mpaka leo?

Matawi ni mengi, na ndani ya mtu mmoja kirusi hubadilika kila siku. Chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya tawi C ilijaribiwa Afrika Kusini. Jaribio hilo, HVTN 702, lilisimamishwa 2020 kwa sababu haikukinga. Jaribio jingine, Mosaico, la chanjo iliyochanganya vipande vya matawi mengi, lilisimamishwa 2023 kwa sababu hiyohiyo.

Karatasi yangu haionyeshi tawi. Niombe kipimo cha tawi?

Huna haja. Tawi hujulikana kwa kusoma jeni, kazi ya maabara kubwa, na hufanywa dawa zinaposhindwa ili kutafuta ukinzani. Herufi huja kama nyongeza. Pesa yako na safari yako vitafute mambo matatu kwenye faili: tarehe ya kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi, namba yenyewe (si neno «nzuri»), na kama umewahi kukaa maeneo ya VVU-2, kwamba limeandikwa pale ambapo daktari atakayekupokea kesho ataliona.